Fanfare Inayohema

Epiphanie Mukandori, binti Sebarenzi. Huyo Sebarenzi njo aliyevusha ng'ombe wa kilima kizima siku mto ulipojaa, akiwaita mmoja mmoja kwa jina, na hakuna hata ndama aliyechukuliwa na maji. Sebarenzi alizaliwa na Bayingana, aliyebeba kengele ya kanisa kichwani kutoka barabara kubwa mpaka Nyamitaba, na alipoitua akasema shingo haimuumi, ingawa tangu siku ile aliangalia watu kwa upande. Bayingana alizaliwa na Rukara, mtu wa kwanza pale kilimani kujenga zizi ambalo chui hakuliruka. Mama yake Epiphanie alikuwa Libérata, ambaye maziwa yake hayakuwahi kuharibika njiani, hata jua likiwaka namna gani. Hao njo wazee wake. Na yeye mwenyewe, ambaye aliishia darasa la sita, aliandika kwa mkono wake noti zote za muziki wa fanfare, ile bendi ya watoto wa Nyamitaba, na zikapigwa, na watu wakasimama kuzisikiliza.

Fanfare ile haikuwa kubwa. Ilikuwa na tarumbeta chache, alto zenye sauti ya katikati, ngoma, na bombardon, kile chombo kinene kinachotoa sauti ya chini na kinachomfunika mtoto mpaka zibaki miguu tu. Mapadri wa zamani waliviacha vyombo hivyo pamoja na karatasi za noti zilizochapwa Ulaya. Lakini karatasi zile zilikuwa za fanfare ya watu wengi, zenye mistari ya vyombo ambavyo Nyamitaba haijawahi kuviona hata kwa picha. Mtoto akipewa moja, alipiga kidogo, halafu akakaa akingoja watu wasiokuwepo.

Aliyeongoza fanfare wakati ule alikuwa Papa Polycarpe, katekista mzee. Epiphanie alikuwa mke kijana, akimpelekea maziwa kila asubuhi. Alizoea kusimama mlangoni na bidoni yake mkononi, akisikiliza mazoezi kuliko mtu aliyeleta maziwa anavyopaswa kusikiliza. Siku moja Polycarpe akamwambia kwamba kwa kuwa amegeuka nguzo ya mlango, ashike basi karatasi hii isipeperuke. Akaishika. Kesho yake akauliza yale madoa meusi yanasema nini. Ndivyo alivyoanza, na hakuna aliyemlazimisha.

Polycarpe alitunga kitu kimoja tu maishani mwake: Marshi ya Mavuno, muziki wa kutembea nao, wa kupigwa siku watu wanapopeleka altareni maharagwe, mihogo na maziwa. Kifua kilipomshinda kabisa, akamkabidhi Epiphanie karatasi za marshi hiyo na kumwomba asiiache ilale. Ipigwe kila mwaka, hata kama vitabaki vyombo viwili. Epiphanie akakubali. Kwa watu wa ukoo wake, kukubali ni jambo lenye uzito, waulize ng'ombe wa Sebarenzi.

Namna yake ya kuandika ilikuwa yake peke yake. Hakuandika karatasi ya tarumbeta ao ya alto. Aliandika karatasi ya mtoto. Kwanza alimwangalia namna anavyopuliza, vidole vyake, meno yaliyotoka na yaliyobaki, halafu akakaa na rula na kalamu. Alto moja ilikuwa na pistoni ya katikati, kile kitufe cha kubonyeza kwa kidole, iliyoganda, haishuki hata ukiipaka mafuta ya mawese. Epiphanie akazunguka noti zote zinazodai kidole cha kati, akazipa tarumbeta, na alto akaipa zile ilizoziweza, na hakuna aliyesikia pengo. Juu kabisa, mahali ambapo Wazungu huandika jina la chombo, yeye aliandika neno la huyo mtoto. Kwa Jean-de-Dieu, mpigaji wa bombardon: "Usikimbie, tunakungoja." Kwa Olga, ambaye wakati ule alikuwa mdogo kuliko wote: "Usivimbe mashavu. Wewe si chura."

Sasa lije neno ambalo habari hii yote inalizunguka. Katika noti kuna alama ya mahali ambapo mpigaji hapigi kitu. Inafanana na herufi z iliyokanyagwa na ng'ombe. Kwa Kifaransa inaitwa soupir. Neno hilo Epiphanie alilijua tangu masomoni: soupir ni kuhema, ile pumzi ya mtu anayetua mzigo. Na Papa Polycarpe, kila alipofika kwenye alama hiyo, alihema kweli, hee, mabega yakashuka. Alihema kwa sababu alikuwa mzee na amechoka. Lakini neno linasema kuhema, na mwalimu anahema. Epiphanie angeuliza nini tena? Akawafundisha watoto vile vile.

Basi fanfare ya Nyamitaba ilikuwa inapiga, halafu inahema, halafu inapiga tena. Watu wa Muheto walipoisikia mara ya kwanza walicheka, wakauliza hawa watoto wamebebeshwa nini. Mwaka uliofuata hawakucheka. Siku ya mavuno, akina mama waliokuwa wakipanda kwenda altareni na vikapu vya maharagwe kichwani wakaanza kuhema pamoja na fanfare, na hatua zao zikaingia ndani ya marshi. Hata wachungaji wa ng'ombe waliokuwa wamekuja kwa ajili ya kuonekana tu, wakahema.

Ndipo akarudi Yves. Huyu ni mtoto wa pale pale, aliyekwenda Goma kusoma muziki na kurudi kuwa mwalimu. Ni kijana mwenye adabu. Alisikiliza marshi mpaka mwisho, akangoja watoto watoke wote, halafu akaomba ruhusa ya kusema kitu.

"Mama, usinikasirikie. Soupir haiko kuhema. Ni jina tu. Iko kunyamaza."

"Kunyamaza?"

"Ndiyo, Mama. Unahesabu moyoni, hakuna sauti."

"Kama ni hivyo, si wangeita jina la kunyamaza, ao la kupumzika."

"Ya kupumzika nayo iko. Wanaiita pause."

"Na pale njo wanapumzika?"

"Hapana, Mama," Yves akasema, macho chini. "Hata pale wananyamaza tu."

Epiphanie alikusanya karatasi zake bila haraka. Njiani kurudi nyumbani alijisikia kama mtu aliyekwenda misa miaka yote amevaa blauzi ndani-nje, na kanisa zima likamwacha hivyo bila kumwambia. Hakumkasirikia Yves, Yves alisema kweli, na aliisema mlango ukiwa umefungwa. Alijikasirikia yeye mwenyewe. Zoezi lililofuata akawaambia watoto kwamba kuanzia leo hakuna kuhema tena, tunanyamaza kama fanfare zingine. Wakubwa ilikuwa taabu kwao. Jean-de-Dieu alikuwa anasahau, bombardon inatoa hee peke yake katikati ya kimya, na wadogo wanaanguka kwa kicheko. Lakini taratibu kimya kikaingia. Watoto wapya walijifunza hicho tu. Marshi ikawa safi, na akina mama wenye vikapu wakawa hawajui tena mguu gani utangulie.

Halafu vita ikapanda kilima. Siku ya kukimbia, Epiphanie na jirani yake Victorine, mkulima wa maharagwe na mihogo, walichimba katikati ya shamba la Victorine wakazika vyombo vyote, bombardon chini, tarumbeta juu, wakarudishia udongo na majani. Karatasi hakuna aliyezikumbuka. Zilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, na vile zilikuwa karatasi tu, mtu hakuona kwamba ni kitu cha kukimbia nacho. Wakashuka mpaka kwenye makambi karibu na Goma, wakaishi huko chini ya sheeting, yale maturubai ya plastiki, kama wengine wote.

Waliporudi, jembe la Victorine lilitoa vyombo kimoja kimoja, vimejaa udongo na minyoo lakini vizima. Sanduku halikuwepo. Victorine, ambaye hajui kufariji bila kuchokoza, akapangusa mikono kwenye kikwembe.

"Dada, sufuria tulificha vizuri. Unga tukawaachia."

Na ilikuwa kweli.

Siku moja alishuka soko la Muheto, akanunua mandazi. Muuzaji akamfungia kwenye karatasi. Epiphanie alikuwa ameshapiga hatua mbili alipoona, chini ya mafuta, mwandiko wake mwenyewe: Usivimbe mashavu. Akarudi, akaomba mandazi amwekee mkononi tu na karatasi ampe ilivyo. Akauliza zingine ziko wapi. Yule mama akasema alizipata rundo zima, zilikuwa karatasi nzuri zisizonyonya mafuta, lakini zimekwisha, Muheto yote imeshakula ndani yake. Alisema hivyo kwa huruma, akamwongezea andazi moja.

Kwa hiyo kutoka Marshi ya Mavuno yote ilikuwa imebaki karatasi moja ya alto. Nyimbo ya juu Epiphanie aliijua, kila mtu aliijua, hata mbuzi. Lakini marshi ya Polycarpe haikuwa nyimbo ya juu peke yake. Ilikuwa na sauti zinazopita chini na katikati, na hizo zilikaa ndani ya watoto, kila mtoto na yake. Na watoto wenyewe walikuwa wanatawanyika: huyu kaolewa, yule yuko kwenye machimbo Walikale, mwingine hajulikani. Kila mwaka angeondoka mmoja na kipande chake, na siku moja pasingebaki kitu cha kushona. Maharagwe ya kwanza tangu kurudi yalikuwa yameanza kutoa maua. Yakikauka, ni mavuno. Alichomwahidi Polycarpe kingesimama ao kingeanguka hapo.

Epiphanie akakaa darasani na Yves, mtoto mmoja mmoja akaitwa apige anachokumbuka, Yves akiandika. Walikumbuka vizuri, na Epiphanie alifurahi mpaka pale walipojaribu pamoja. Huyu alifika mwisho wakati mwenzake yuko katikati. Wakarudia. Safari hii aliyechelewa akatangulia. Kila sauti peke yake ilikuwa nzuri, pamoja zilikuwa ugomvi wa sokoni. Yves alihesabu, akafuta, akahesabu tena, na mwisho akaweka kalamu chini. Akasema kuna vitu vimekosekana ndani na hajui wapi, na kwamba kwenye simu yake ana marshi ingine, fupi, ya wanafunzi wanaoanza, ambayo watoto wangeishika kabla ya mavuno.

"Hiyo ingine ni ya nani?" Epiphanie akauliza.

"Ya mutu mumoja wa Ufaransa, Mama."

"Basi Bafaransa batamupigia."

Kesho yake akaja Shekinah. Zamani alikuwa tarumbeta ya kwanza. Sasa ni mke wa mtu kilima cha pili, amekuja na mtoto mgongoni na jasho la njia. Alipewa maji, akapewa tarumbeta, akapangusa mdomo wake kwa kiganja na kuanza. Alipofika kwenye alama ya kwanza ya kutokupiga, akahema, hee, mabega yakashuka na mtoto mgongoni akashuka nayo. Akasimama mara moja.

"Pardon, Mama. Ulitukataza."

Epiphanie alikuwa ameinuka kwenye benchi. "Endelea."

"Niheme?"

"Hema, binti yangu. Hema yote."

Shekinah akaanza upya. Epiphanie akaweka kidole kwenye ile karatasi ya mandazi, kikatembea juu ya mafuta, noti kwa noti, tarumbeta ikipiga na kuhema, na kidole kilifika mwisho wa karatasi pamoja na tarumbeta. Olga, mwenye karatasi yenyewe, ambaye sasa amekuwa msichana mrefu, alikuwa anafuata begani kwake na alto midomoni. Wakapiga wawili. Walimaliza wawili.

Hapo Epiphanie akaelewa, akamweleza Yves taratibu, na safari hii ni Yves aliyekuwa anasikiliza kama nguzo ya mlango. Watoto waliofundishwa kunyamaza hawakusahau noti, walisahau kimya. Mtu aliyekimbia, akiwa kambini peke yake anajiimbia sauti yake, kimya hakina kitu cha kushika; anakifupisha, mwisho anakiruka. Lakini aliyefundishwa kuhema, hema yake anaibeba kifuani kama noti zingine. Haruki, maana ni kitu anachokifanya. Akamwomba Yves mwenyewe aimbe sauti ya juu kwa kichwa, bila karatasi. Yves akaimba. Aliruka vimya viwili, akajisikia mwenyewe, akashika kichwa na kucheka mpaka Shekinah akacheka naye.

Wakaitwa wakubwa wote waliobaki, wale wa wakati wa kuhema, na sauti zikaingia kila moja mahali pake. Ikabaki bombardon. Jean-de-Dieu alikuwa Hombo, kule mpakani mwa jimbo, kwenye barabara ya kwenda Kisangani, akiuza chumvi na mafuta ya mawese. Mama yake alikuwa na namba. Simu ikawekwa juu ya meza ya mwalimu, sauti juu kabisa.

"Allô, Jean-de-Dieu. Ni Mama Epiphanie wa fanfare. Niimbie bombardon yako ya mavuno."

Ikasikika honi ya lori.

"Mama, niko sokoni."

"Sokoni hauna kifua?"

"Kuko bantu, Mama."

"Bantu ba Hombo habajasikia bombardon. Imba."

Akaimba. Pom, pom, hee, pom. Upande wa kule watu wakaanza kuulizana. Mmoja akataka kujua kama anaita mbuzi, mwingine akasema mwacheni, labda ni dawa ya kifua amepewa. Yeye akazidi kuimba, na kila alipohema, ilifika Nyamitaba kama upepo ndani ya chupa. Yves aliandika bila kuinua kichwa. Ikabaki sehemu ya mwisho, pale ambapo vyombo vyote vinanyamaza na bombardon inashuka peke yake, ngazi kwa ngazi, mpaka chini. Hiyo hakuna mwingine aliyeijua. Na hapo simu ikakatika.

Walijaribu mpaka watoto wakaenda kuchota maji. Réseau ya simu haikurudi. Epiphanie alirudi nyumbani akakamua ng'ombe wake, akawakamua vibaya, mpaka mmoja akamgeukia kumwangalia. Alikuwa anafikiri kwamba Polycarpe aliishusha bombardon peke yake pale mwisho kwa sababu aliyoijua mwenyewe, na kwamba mtu hawezi kumtungia mzee marehemu mwisho mwingine.

Kesho yake mchana simu ya Yves ikalia. Ilikuwa Jean-de-Dieu, anahema kabla ya kuimba.

"Mama, nimepanda kilima nyuma ya Hombo. Huku réseau iko. Tuanzie wapi?"

"Pale ulihema mwisho."

"Ile hema ndefu? Mbele ya kushuka?"

"Ile ile."

Akahema, akashuka. Alishuka bila kukimbia, ngazi kwa ngazi, mpaka noti ya chini kabisa, akaikalia. Yves akachora mstari wa mwisho na kuweka kalamu. Kwenye simu ulisikika upepo tu.

"Mama," Jean-de-Dieu akasema, "hata wakati ulisema tunyamaze, miye nilikuwa ninahema kwa kificho."

"Nilikuwa ninakusikia," akasema Epiphanie.

Siku ya mavuno bombardon ilipigwa na Yves mwenyewe, miguu yake mirefu ikichungulia chini. Kabla ya kuingia alimwuliza Epiphanie karatasi mpya ziandikwe namna gani, kunyamaza ao kuhema. Akajibiwa aandike soupir kama ilivyo; fanfare zingine zikiisoma zitanyamaza, na hiyo ni haki yao. Wakapiga. Kwenye alama ya kwanza fanfare ikahema, na Victorine, aliyekuwa mbele na kikapu cha maharagwe ya shamba lile lile la vyombo, akahema, na safu yote nyuma yake ikahema na kupata mguu wake. Bombardon ikashuka peke yake mpaka chini. Walimaliza wote mahali pamoja.

Vikapu vilipokwisha kutuliwa, Epiphanie akamwita Olga pembeni ya ukuta wa kanisa. Akampa rula yake, ile ya mbao iliyolika pembe, na kalamu, na karatasi nyeupe zilizokunjwa ndani ya plastiki. Akamwambia kwamba Yves hawezi kubaki chini ya bombardon milele, kwa hiyo atapewa Umurerwa, yule msichana wa darasa la nne mwenye kifua cha nguvu, na karatasi yake ataiandika Olga. Nakala ya marshi nzima iende Hombo kwa Jean-de-Dieu, ingine ikae kwa Shekinah, ingine kwa Victorine. Zisilale tena zote kitanda kimoja.

Olga akauliza juu kabisa aandike neno gani.

"Mimi sitakuambia," Epiphanie akasema. "Umurerwa yuko pale, anapangusa bombardon. Enda umuangalie kwanza namna anapuliza."